Dalali anasema piga rangi tu, ukuta unasema mengine

Shangazi, shikamoo.

Mimi ni mtoto wa kati kati ya watoto watatu. Baba alifariki miaka 6 iliyopita akatuachia nyumba ya vyumba vitatu, sebule, jiko na choo cha ndani. Mwaka wa kwanza alikaa binamu yetu, akahama, na tangu hapo imefungwa. Sasa tumekubaliana iuzwe. Kaka yetu yuko mbali na hana nafasi, mdogo wetu hana kazi, kwa hiyo mzigo umeniangukia mimi. Nina akiba inayolingana na mishahara yangu minne. Hiyo ndiyo yote, Shangazi, nyuma yake hakuna nyingine.

Hali yenyewe ni hii. Bati lina kutu, na dari ya chumba cha nyuma ina mabaka ya kahawia kama ramani. Ukuta wa chumba hicho, sehemu ya chini, lipu inamomonyoka na kutoa unga mweupe. Ukipitisha kiganja kinabaki na chumvi. Kuna ufa juu ya dirisha la sebule. Choo kinatiririka usiku kucha. Swichi mbili zimeungua pembeni. Mlango wa mbele aliutengeneza baba kwa mikono yake (alikuwa seremala), na sasa unakwaruza sakafu mpaka umechora nusu duara.

Washauri ninao watatu na kila mmoja ana lake. Fundi anataka aanze na marumaru sebuleni na dari ya jipsamu, anasema mnunuzi hupenda kitu kinachong'aa. Dalali anasema niache kujisumbua, nipige rangi tu nitaje bei. Mdogo wangu anataka tukope tufanye kila kitu kwa mpigo, mlango wa baba utoke uwekwe wa chuma, tulipe deni nyumba ikiuzwa. Kinachonichanganya zaidi ni jirani: aliweka marumaru nyumba nzima na akauza vizuri.

Nianzie wapi? Nikope? Na hili ndilo linaloninyima usingizi: nikipaka rangi ule ukuta nikanyamaza, ni dhambi kiasi gani?

Mtoto wa Kati

* * *

Marahaba, binti yangu. Pole. Mtoto wa kati ndivyo alivyo: mkubwa anamwona mdogo wa kutumwa, mdogo anamwona mkubwa wa kubeba.

Nianze na swali lako la mwisho, maana ndilo lililobeba mengine. Mambo ya dhambi nawaachia wanaoyajua. Mimi nakujibu kama mtu aliyewahi kununua nyumba kuukuu na kuziuza: ni biashara mbovu. Rangi juu ya ukuta wenye chumvi haidumu. Chumvi inaisukuma kutoka nyuma, inavimba kama ngozi iliyoungua, halafu inabanduka magamba magamba. Hata ukiwahi kuuza kabla haijavimba, mnunuzi makini atakuja na fundi wake, na fundi huyo hatatazama rangi. Atagonga ukuta kwa vifundo vya vidole, kutoka chini kwenda juu, akisikiliza. Lipu iliyoshika hutoa sauti nzito. Iliyoachana na tofali hulia kama kopo tupu. Sekunde kumi, siri imetoka. Kuanzia hapo hataamini neno lako lolote kuhusu bati, waya wala hati. Na akigundua baada ya kununua, sheria za nchi nyingi zinampa mlango wa kukudai kwa kasoro uliyoijua ukaificha.

Dalali wako hilo analijua vizuri. Yeye hupata chake siku ya mauziano, na kesho yake haulizwi kitu.

Sasa msikilize huyo mnunuzi, kwa sababu washauri wako wote wanamsemea bila kumsikiliza. Mtu anayetazama nyumba kuukuu anatembea akipunguza bei kichwani. Kila kibovu anachokiona anakitoa, tena hakitoi kwa gharama yake halisi, anakitoa kwa kiasi cha woga wake. Baka la darini huenda limeletwa na msumari mmoja, lakini yeye anapunguza paa zima. Swichi moja imeungua, anapunguza waya za nyumba nzima. Ufa wa dirishani, anapunguza msingi. Kwa hiyo pesa yako kidogo itazaa zaidi ikienda kwenye vitu vinavyotisha kuliko kwenye vinavyong'aa. Fundi wa marumaru hakudanganyi, watu kweli hupenda mng'ao. Ila sakafu mpya inayometa chini ya dari yenye baka humfanya mtu ajiulize hawa wanaficha nini.

Lakini kabla ya mfuko wa kwanza wa saruji kuna kazi ya mezani.

Hati ina jina la nani? Hukuniandikia, na kimya chako kimenitia wasiwasi. Kama bado ina jina la marehemu baba, mnunuzi mwenye akili hatatoa pesa mpaka msimamizi wa mirathi awe ametambuliwa kisheria na haki ya kuuza iwe wazi, na shughuli hiyo inaweza kuchukua muda mrefu kuliko ukarabati wenyewe. Ianze wiki hii. Iende huku mafundi wakiendelea.

Halafu ninyi watatu andikeni karatasi. Najua utasema sisi ni ndugu tunapendana. Ndiyo maana muandike sasa, mkiwa bado mnapendana. Iseme kwamba akiba yako itarudi kwanza, yote, kwa risiti, ndipo kilichobaki kigawanywe. Itaje bei ya chini ambayo ikipatikana hakuna wa kugoma. Mkubwa aliye mbali atumiwe, asome, atie saini yake. Nimewahi kukaa kwenye kikao cha familia ambapo dada aliyekarabati kwa jasho lake aliambiwa, siku ya kugawana, "lakini ulifanya kwa moyo wako." Alinyanyuka akaenda kuchukua mkoba wake, na mpaka leo hawaandikiani.

Hesabu nayo. Waombe madalali wawili wasiojuana wakutajie bei mbili: ya nyumba kama ilivyo leo, na ya nyumba hiyo hiyo ikiwa kavu, safi, yenye umeme salama. Waulize nyumba za jirani ziliuzwa kwa ngapi, usiulize zilitangazwa kwa ngapi. Bei ya tangazo ni ndoto ya muuzaji. Tofauti ya bei zile mbili ndiyo mwisho wa uwezo wako wa kutumia, na usiukaribie. Mimi nisingegusa nyumba ambayo tofauti hiyo haifiki angalau mara moja na nusu ya gharama ya ukarabati. Ikiwa haifiki, ifagieni, mfyeke uwanja, muiuze ilivyo, mkieleza kasoro zake waziwazi. Hakuna aibu. Na huyo jirani yako, marumaru yake umeyaona, risiti zake hukuziona. Huenda kilichouza nyumba yake ni paa.

Tuseme hesabu imekubali. Igawe akiba yako mafungu 20. Matatu yaweke mbali kabisa, yasitajwe hata mbele ya fundi. Nyumba iliyofungwa miaka 5 ina jambo ambalo bado halijakuonyesha. Katika 17 yaliyobaki, kwa hali uliyonieleza, zaidi ya nusu ningeipeleka kupambana na maji: paa, gata, na ule ukuta. Umeme na mabomba vifuate. Rangi ikipata mafungu 3 inatosha. Haya ni makadirio ya mtu aliyekaa mbali. Fundi akishakupa bei kwa maandishi, utayarekebisha.

Paa kwanza, kwa sababu chochote utakachofanya chini ya paa linalovuja utakirudia. Subiri mchana wa jua kali, ingia juu ya dari, kanyaga mbao tu maana ubao wa dari haubebi mtu. Zima tochi, ngoja macho yazoee giza. Kila tundu litawaka kama nyota. Liwekee alama ya chaki kwenye kenchi iliyo karibu. Usitafute tundu juu ya baka lenyewe. Maji yakishaingia huteleza juu ya mbao, wakati mwingine mita 2 au 3, ndipo yapate pa kudondokea. Kwa hiyo fuata mbao kuelekea upande wa juu wa paa. Usipoona mwanga wowote, mtu mmoja achukue mpira wa maji nje aanze kumwagia kwenye ukingo wa chini, dakika kadhaa mahali pamoja, akipanda kidogo kidogo, wewe ukiwa ndani na tochi. Akianzia juu, maji yatateremka paa zima na hamtajua yameingilia wapi.

Ukishapata matundu, tazama misumari kabla hujalilaumu bati. Mara nyingi bati bado lina miaka yake. Kilichokufa ni kile kimpira chini ya kichwa cha msumari, kimekaushwa na jua kikapasuka. Msumari uliolegea ung'olewe, iwekwe skrubu nene zaidi yenye mpira mpya. Kwenye bati la mawimbi skrubu hukaa juu ya mgongo, haikai bondeni ambako maji hupita. Bati lililotobolewa na kutu libadilishwe hilo peke yake. Kutu ya juu juu isuguliwe kwa brashi ya waya ipakwe rangi ya kuzuia kutu. (Msomaji mwingine mwenye mabati magumu ya kijivu ya zamani, yanayovunjika kama sahani: hayo huenda ni ya asbesto. Usiyatoboe, usiyasugue, vumbi lake huua mapafu taratibu. Hayo yana wataalamu wake.)

Ubao wa dari wenye mabaka usiubadilishe mpaka mvua moja kubwa ipite na pabaki pakavu.

Sasa ule ukuta. Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu hapa ndipo watu humwaga pesa.

Unyevu wa ukutani una asili tatu. Unaweza kupanda kutoka ardhini, unaweza kupenya kutoka nje, au ukawa mvuke wa ndani unaoganda kwenye ukuta baridi. Dawa zake hazifanani, na fundi atakayekuuzia dawa kabla ya kujua asili anakubahatishia. Chukua kipande cha nailoni isiyopenya maji, ukubwa wa daftari lililofunguliwa, ukibandike ukutani kwa utepe wa gundi pande zote nne, pasipopita hewa. Chagua mahali lipu bado ina uso wa kushika, jirani na palipoharibika. Kiache siku 2. Ukikuta matone upande wa nje wa nailoni, unaotazama chumba, unyevu unatoka hewani: fungua madirisha, nyumba inataka kupumua. Ukikuta maji nyuma yake, yanatoka ndani ya ukuta.

Kwa huo unga mweupe nadhani utayakuta nyuma. Ile ni chumvi iliyosafirishwa na maji. Maji yanakauka yanapofika uso wa ukuta, chumvi inabaki. Unyevu unaopanda kutoka ardhini kwa kawaida hauendi juu zaidi ya mita 1 hivi, na huacha mstari, kama bahari inavyoacha povu ufukweni.

Ukishajua hivyo, toka nje ulitazame eneo lile lile kwa upande wa pili. Naweza kukisia utakachoona. Miaka yote hiyo majani yameoza, mvua imesomba udongo, mtu amerundika vifusi, na ardhi imepanda mpaka imeegemea ukuta juu ya usawa wa sakafu ya ndani. Chini ya sakafu, juu ya msingi, mjenzi huweka utando wa kuzuia maji yasipande. Udongo ukiufunika, maji yanaruka kizuizi. Udongo huo uchimbwe mpaka uwe angalau sentimita 15 chini ya utando huo. Kama huuoni, tumia sakafu ya ndani kama kipimo chako. Halafu ardhi ielekezwe ishuke kutoka nyumbani, sentimita 15 hivi katika mita 3 za mwanzo. Weka gata ukingoni mwa paa na bomba la kuyapeleka maji mbali. Kazi hii haihitaji fundi. Inahitaji sepeto, toroli na mtu mwenye mgongo, na huyo unaye: mdogo wako. Siku zake za kazi ziandikwe kwenye ile karatasi ya familia, alipwe wakati wa kugawana. Mtu asiye na kazi akiwa na sehemu ya kujivunia hupunguza habari za mikopo.

Mimi mwenyewe nilijifunza haya vibaya. Kwenye nyumba yangu ya kwanza nilipiga lipu mpya, laini ajabu, juu ya ukuta wa namna hiyo hiyo, nikaona nimemaliza. Nje yake nilikuwa na bustani ya maua, udongo umeinuliwa karibu kufika dirishani, na kila jioni nilikuwa nayamwagilia. Baada ya miezi 4 lipu ilishuka yote kwa mpigo, usiku wa manane. Nilijifungia chooni nikidhani ni wezi.

Baada ya kuondoa udongo, lipu yenye chumvi ibanduliwe mpaka sentimita 30 juu ya pale unyevu unapoishia. Tofali zipigwe brashi kavu. Ukiziosha, chumvi inayeyuka inarudi ndani. Kisha ziachwe. Hapa ndipo uvumilivu unapotakiwa, maana ukuta uliokunywa maji kwa miaka haukauki kwa wikendi. Ukishakauka, upigwe lipu ya saruji na mchanga uliochekechwa, usikubali jipsamu hapo kwa sababu inanyonya unyevu kama sifongo. Lipu mpya inyunyiziwe maji siku za mwanzo isikauke haraka ikapasuka, halafu ingoje kama wiki 4 kabla ya rangi. Umeona sasa kwa nini kazi hii inaanza siku ya kwanza? Ukiiacha mwisho, nyumba nzima itakuwa tayari ikingojea ukuta mmoja.

Na kama udongo umeondoka, gata zipo, na bado unyevu unapanda, basi ule utando wa msingini umekufa au haukuwekwa kabisa. Matibabu yake yapo, hutobolewa safu ya matundu ukutani ikajazwa kemikali ya kuzuia maji, lakini yanaweza kuila akiba yako yote. Hapo simama. Mwambie mnunuzi kilivyo, mwonyeshe ulichokwisha kufanya, mpunguzie. Kasoro iliyotajwa na muuzaji hupunguza bei mara moja. Iliyogunduliwa na mnunuzi huipunguza mara tatu.

Ufa wa dirishani nitaupita upesi. Chora mistari ya penseli inayoukatiza sehemu mbili, andika tarehe na upana wake ukutani hapo hapo, uuache kwa mwezi. Wa unywele hauna neno. Ukifika milimita 5, au ukishuka kama ngazi kufuata viungo vya tofali, au ukikuta penseli zako zimeachana, mwite mhandisi kabla ya kumwita mpaka rangi.

Swichi zilizoungua hazisubiri chochote. Hizo ni nyaya zilizolegea zinazochemka, na ndivyo nyumba zinavyoshika moto. Kama umeme bado umeunganishwa, zima swichi kuu leo. Fundi awe mwenye leseni, hata kama mjomba wa mtu anajua "kuunga unga". Muulize mambo mawili: waya wa ethi unafanya kazi? Na kuna kifaa cha kukata umeme ukivuja, kile kinachokata kwenye miliampia 30? Kisha mwombe aandike ripoti. Karatasi hiyo itamtuliza mnunuzi kuliko marumaru ya sebule nzima.

Choo ni raha yangu, maana dawa yake ni karibu na bure. Tia rangi kidogo ya chakula, au maji ya kahawa nzito, ndani ya tangi la choo. Usivute. Rudi baada ya nusu saa. Ukiona rangi imeshuka bakulini, na maji hayamwagikii kwenye bomba la kati la tangi, mpira wa chini ya tangi umechoka; unabadilishwa kwa dakika chache. Kama yanamwagikia kwenye bomba hilo, yapunguze kwa kushusha kielea. Ukiwa hapo hapo, funga mabomba yote, soma mita ya maji, usome tena baada ya saa moja. Ikisogea, kuna bomba linavuja mahali usipopaona.

Ndipo ije rangi. Rangi moja nyumba nzima, nyeupe iliyofifia, wala usinishawishi kuhusu ukuta mmoja wa zambarau. Kuta zioshwe kwanza kwa sabuni, hasa jikoni, kwa kuwa rangi haishiki mafuta. Mabaka ya zamani yazibwe kwa rangi ya mafuta ya chini, ama yatajitokeza tena kupitia rangi ya maji hata ukipaka mara nne. Kama nyumba ni ya miaka mingi sana, msasa uwe wa maji, usiwe mkavu, kwani rangi za zamani nyingi zilikuwa na madini ya risasi.

Na usimwachie fundi akadirie ndoo. Chumba cha mita 4 kwa 3 chenye kimo cha mita 2.7 kina mzunguko wa mita 14, zidisha kwa 2.7 upate mita za mraba karibu 38. Toa mlango na madirisha, zinabaki kama 33. Lita moja ya rangi ya maji hufunika mita za mraba 10 hivi kwa mkono mmoja, yaani ukipaka mara moja, kwenye ukuta laini, kwa hiyo mikono miwili ni lita 6 na nusu, tuseme 7. Atakayekuambia 20 kwa chumba hicho ana nyumba nyingine anayoipaka.

Vifaa vyote nunua wewe, ufungie wewe. Fundi mlipe kwa hatua: kazi imefika hapa, umeiona kwa macho yako, analipwa ya hapa. Fungu la mwisho libaki mpaka mvua inyeshe. Akikataa la mvua, umeshajua anavyoliamini paa lake.

Mkopo hapana. Nyumba inauzwa siku itakapouzwa, inaweza kuwa mwezi ujao, inaweza kuwa mwakani, na riba haijui hilo. Atakayekuwa analipa katikati ni wewe mwenye mshahara. Mbaya zaidi, siku ya mazungumzo mnunuzi atanusa kwamba una deni, na atakusubiri ulainike. Jipsamu na marumaru nazo hapana. Anayenunua mara nyingi atabomoa jiko na sakafu aweke apendavyo yeye. Mwachie sakafu nzima, safi, isiyopasuka, na chumba chenye mwanga. Osha vioo. Kata matawi yanayoziba dirisha. Fungua madirisha yote saa mbili kabla mgeni hajafika, kwani nyumba iliyofungwa ina harufu yake, na harufu ndiyo ya kwanza kumpokea mtu.

Umebaki mlango wa baba yako.

Usiutoe. Mlango wa mbao ngumu uliotengenezwa na seremala wa kweli, ukiubadilisha kwa wa chuma wa bei ya chini, umetoa kitu kizuri umelipia kibaya. Haujashuka kwa uzee, umeshuka kwa bawaba. Ufungue nusu, uinue kwa mkono upande wa kitasa. Bawaba ya juu ikicheza, ugonjwa ni huo. Skrubu zake zimelegea na matundu yamepanuka. Weka vigingi viwili chini ya mlango uushikilie, toa skrubu za bawaba ya juu, jaza matundu kwa vijiti vya mbao vilivyochovywa gundi ya mbao, viache usiku mmoja, vikate sawasawa na fremu. Kisha rudisha skrubu ndefu kidogo kuliko za mwanzo. Msasa laini kufuata nyuzi za mbao, vanishi mikono miwili, kitasa kisuguliwe.

Ile nusu duara sakafuni haitafutika yote, ipake nta uiache. Mnunuzi akiuliza, mwambie mlango ulilegea na umekazwa, halafu umfungulie na kumfungia mara mbili tatu asikie mwenyewe.